Kodi ya Kichwa Ilipowafika Wenyewe

BARUA KWA MWALIMU

Barua za mwezi huu ni tano, na zote zimezaliwa na ubishi kuhusu Uingereza. Sijui watu wa Tanga wamepatwa na nini. Kahawa ya magharibi siku hizi hainyweki bila mtu kumtaja Mwingereza. Kwa wasomaji wapya: nilifundisha historia sekondari kwa miaka thelathini na ushei, na katikati yake nilipelekwa kusoma Leeds, kuanzia 1989 hadi 1992. Ndiyo maana kila ubishi unaovuka bahari huletwa kwangu Ngamiani kama baiskeli iliyopinda rimu. Nimezipanga kwa jinsi zilivyonigusa, si kwa jinsi zilivyofika.

*Mwalimu, shikamoo. Mimi ni dereva wa bodaboda, kijiwe chetu kiko Makorora. Juzi tumebishana mpaka abiria wakachukua bajaji. Mwenzangu ana dada yake London, anamtumia video za maandamano karibu kila Jumamosi: bendera, ngoma, polisi wamesimama pembeni wanatazama tu. Anasema wenzetu wakiandamana serikali inatetemeka. Mimi nikamwambia kama kila Jumamosi wanaandamana, basi hawapati kitu, ndiyo maana wanarudi tena. Tumewekeana supu na chapati. Nani kashinda? – Dereva, Makorora*

Marahaba, mwanangu. Supu mlipe nusu kwa nusu, chapati atoe mwenzako. Sababu zangu ni za mzunguko kidogo, kwa hiyo zima pikipiki.

Babu yangu mzaa baba alikata mkonge Muheza enzi za Mwingereza. Hakuwa na mapenzi na mkonge. Alikuwa na shamba lake la mihogo na minazi michache iliyomtosha. Alikwenda kukata kwa sababu ya kodi ya kichwa. Kodi ile haikuuliza una mali gani. Iliuliza kama una kichwa, ikataka fedha taslimu, na fedha taslimu ilikuwa mkongeni. Alipofariki tulikuta stakabadhi zake kwenye kopo la biskuti, zimefungwa kwa uzi wa katani, mwaka juu ya mwaka. Baba alitaka kuzichoma. Bibi akakataa, akauliza: askari akija tena, tutamwonyesha nini?

Sasa twende Leeds, Machi 1990. Bahasha ya halmashauri ikaangukia mlangoni kwetu. Kuanzia tarehe 1 Aprili, kila mtu mzima atalipa kiasi kilekile katika halmashauri yake, mwenye jumba la vyumba ishirini na anayemfagilia. Wenye kipato duni walipunguziwa, na sisi wanafunzi tulidaiwa sehemu ya tano. Serikali ya Margaret Thatcher ilikuwa imeipa jina la adabu, ada ya jumuiya, lakini wananchi waliiita kwa jina lake la zamani: kodi ya kichwa. Na si jina geni kwao. Mwaka 1381 wakulima wa England waliingia London kwa hasira ya kodi ya kichwa, wakiongozwa na Wat Tyler. Nilicheka peke yangu jikoni. Kodi ya babu ilikuwa imerudi kwa wenyewe.

Nililipa. Naona aibu kidogo kuandika hivyo, lakini mwanafunzi mgeni mwenye viza pasipotini hana ujasiri mwingi. Jirani yangu, mzee wa Kiingereza, dereva wa basi mstaafu, hakulipa. Alibandika karatasi dirishani kutangaza kwamba nyumba ile hailipi, akaendelea kumwagilia mawaridi yake.

Tarehe 31 Machi 1990 watu kama laki mbili waliandamana London mpaka Trafalgar Square. Ikageuka vita ya mawe, magari yakachomwa, zaidi ya watu 300 wakakamatwa. Ukimuuliza mtu yeyote wa rika langu nini kiliiua kodi ile, atakutajia siku hiyo, kwa sababu ilikuwa na moto na kamera. Lakini kesho yake kodi ilianza England kama ilivyopangwa. Wascoti walikuwa wameshaionja tangu mwaka uliotangulia.

Nilichokiona mimi hakikuwa na moto. Nilimsindikiza jirani yangu mahakamani asubuhi moja. Nilidhani nitaona kesi, nikaona foleni. Watu walijaa hadi ngazini, wengine na watoto kwenye vigari, na kila mmoja anataka kesi yake isikilizwe peke yake. Mmoja anaomba aonyeshwe barua ya kwanza ya madai. Mwingine anasema hiyo anuani si yake. Mama mmoja alimuuliza hakimu maswali matano mfululizo kwa sauti ya upole sana, na hakimu akawa anatazama saa ya ukutani kuliko alivyomtazama yeye. Tulirudi nyumbani mchana bila jirani yangu kuitwa. Halmashauri zilikuwa zikitumia fedha kufukuzia fedha. Kwenye kisiwa cha Wight, moja ya mahakama za mwanzo kusikiliza mashauri hayo ilitupa zaidi ya elfu moja kwa mkupuo, kisa notisi zilichelewa posta. Waliokataa kulipa nchi nzima walikuwa mamilioni, na jela za kuwatosha hazikuwapo.

Wakati huohuo wabunge wa chama tawala walikuwa wanahesabu majimbo. Machi hiyohiyo chama chao kilikuwa kimepoteza uchaguzi mdogo wa Mid Staffordshire, jimbo walilodhani lao. Mbunge akiona kiti kinatikisika hupata masikio ghafla. Novemba 1990 wakamwangusha Thatcher wao wenyewe. Ugomvi wa Ulaya ulikuwamo, lakini kodi ile ilimpeleka ukingoni. Machi 1991 serikali ikatangaza kuiondoa, na 1993 ikaja kodi inayofuata thamani ya nyumba.

Linganisha na Februari 15, 2003. Nilikuwa nimesharudi, nimekaa kibarazani na redio. London ilikuwa imefurika watu wakipinga vita ya Iraq. Polisi walikadiria 750,000, waandaaji wakasema ni zaidi ya milioni. Kwa vyovyote walikuwa zaidi ya mara tatu ya wale wa 1990, na hakuna aliyerusha jiwe. Tarehe 18 Machi bunge lao likapiga kura: 412 kwa 149, vita iendelee. Siku mbili baadaye mabomu yakaanza.

Kwa nini wachache washinde na wengi washindwe? Ndiyo maana nakwambia usiwahesabu waandamanaji Jumamosi, wahesabu Jumatatu. Wale wa kodi Jumatatu walikuwa bado wameshikilia kitu ambacho serikali inakihitaji, yaani fedha yao. Wale wa Iraq Jumatatu walikwenda kazini, na hawakuwa na kitu mkononi cha kukinyima. Hata kura yao haikuwa na pa kwenda, maana chama kikuu cha upinzani nacho kiliunga mkono vita. Mwaka 2005 chama cha Tony Blair, waziri mkuu aliyeipeleka nchi vitani, kilirudi madarakani kwa asilimia 35 tu ya kura, jambo linalofanana na lile aliloliuliza kijana wa kidato cha sita hapo chini.

Ila nisiwadharau. Agosti 2013 serikali nyingine iliomba idhini ya kuipiga Syria, na bunge likakataa, 285 kwa 272. Kila aliyesimama kuzungumza usiku ule alikuwa na Iraq kooni. Sasa miguu iliyochoka 2003 imezaa 2013? Mimi nasema kwa sehemu ndiyo. Kwa Wairaqi ilikuwa imechelewa miaka kumi.

Na hao polisi wanaotazama tu, mwambie mwenzako asikilize habari vizuri. Sheria mbili, ya 2022 na ya 2023, zimewapa polisi wa England na Wales nguvu ya kuwekea masharti hata maandamano yenye kelele nyingi mno, na kujifunga kwa mnyororo kwenye lango au barabara sasa ni kosa la jinai. Chapati alipe yeye.

(Mhariri ameniomba nisivuke bahari kurudi nyumbani kwa kasi sana katika jibu hili. Nakumbusha tu kwamba sisi nasi tulikuwa na kodi ya maendeleo, na wanaume wengi wa vijiji vya Pongwe na Maramba wanajua kulala porini mgambo wakipita alfajiri. Ilifutwa 2003. Nayo ilikuwa inauliza kichwa.)

*Mwalimu, habari za siku. Nina meza ya nyanya na vitunguu soko la Mgandini. Mwanangu wa kwanza yuko Birmingham mwaka wa sita sasa, anasema tangu afike hajawahi kutoa hata senti ya chai kwa mtu wa ofisi. Mume wangu anasema ni uongo, binadamu ni binadamu. Wazungu hawali rushwa? – Mama wa nyanya, Mgandini*

Dada yangu, mwanao hakudanganyi, na mumeo hajakosea. Miaka mitatu sikuombwa chai na mtu yeyote, si posta, si hospitali, si barabarani. Mtu mdogo kule hali rushwa, kwa sababu akila anafukuzwa kesho yake, na mshahara wake unamtosha kulala usingizi. Kwa hiyo ukiitafuta rushwa yao kwa macho ya Mgandini hutaiona. Iko juu, imevaa tai, na mara nyingi ina stakabadhi.

Stakabadhi si mzaha. Wabunge wao walikuwa wakirudishiwa gharama za nyumba ya pili, ili wa mbali apate pa kulala London. Mwandishi mmoja, Heather Brooke, akaomba kwa sheria ya uhuru wa habari aone madai hayo. Bunge likapambana naye hadi Mahakama Kuu, likashindwa 2008. Mei 2009, kabla halijatoa karatasi zake zilizofutwafutwa, gazeti la Daily Telegraph likazipata nakala kamili na kuzichapa siku baada ya siku. Mbunge mmoja, Peter Viggers, alikuwa amedai pauni 1,645 za kibanda cha bata kielee bwawani kwake. Hakulipwa, lakini alidai! Kibanda kile ndicho kilichochekesha dunia. Kilichowauma wananchi zaidi ni mchezo wa kubadilisha ipi ni nyumba ya kwanza na ipi ni ya pili, kila moja ikarabatiwe kwa zamu.

Spika Michael Martin alilazimika kujiuzulu. Spika wa mwisho kung'olewa kabla yake alikuwa John Trevor, mwaka 1695, kwa kula hongo. Wabunge kadhaa walifungwa jela, na kazi ya kulipa gharama ikaondolewa mikononi mwa bunge, ikapewa chombo cha nje. Hapo wamefanya vizuri, nakiri.

Lakini yapo ambayo hayafungi mtu. Chama kinahitaji fedha za kampeni, tajiri anachangia kihalali, jina lake linaandikwa wazi kwenye rejista. Miaka ikipita tajiri yuleyule anateuliwa kuingia Baraza la Malodi, nyumba ya juu ya bunge lao, anatunga sheria maisha yake yote bila kupigiwa kura na mtu hata mmoja. Ukiuliza, unaambiwa ni kwa mchango wake katika jamii. Walitunga sheria ya kukataza kuuza vyeo tangu 1925, baada ya serikali ya waziri mkuu Lloyd George kugeuza nishani kuwa bidhaa. Aliyewahi kutiwa hatiani kwa sheria hiyo ni mmoja tu, dalali aitwaye Maundy Gregory, mwaka 1933. Miaka kama mia, mtu mmoja. Ama wao ni malaika, ama ule wavu una matundu ya kupitisha papa.

Ile rushwa ya khanga na pilau wakati wa kampeni nao walikuwa nayo, tena sana. Zamani mpiga kura wa Kiingereza alisimama hadharani akataja kwa sauti anayemchagua, mwenye nyumba wake akimtazama. Mgombea alikodi vilabu vya pombe, watu wakanywa wiki nzima kwa jina lake. Kura ya siri waliipata 1872. Uchaguzi wa kwanza kwa utaratibu huo ulifanyika mji wa Pontefract, Agosti mwaka huo, na sanduku la kura lilipigwa lakiri kwa muhuri wa kiwanda cha peremende. Lakini siri peke yake haikuzuia pombe. Iliyozuia ni sheria ya 1883, iliyomwekea mgombea kikomo cha kutumia na kumpokonya kiti akikivuka. Kwetu sheria iliruhusu takrima tangu 2000, hadi Mahakama Kuu ilipoitupa 2006. Mimi huwaambia wanafunzi kwamba neno takrima ni zuri, limeponzwa na marafiki.

Kisa kimoja cha mwisho, kwa ajili ya mumeo. Mwaka 1994 gazeti la The Guardian liliandika kwamba wabunge wamelipwa na mfanyabiashara ili waulize maswali bungeni. Mmoja wao, Neil Hamilton, alikanusha, akagombea tena jimbo lake la Tatton 1997, jimbo ambalo chama chake kingeweza kusimamisha mwanasesere kikashinda. Vyama viwili vya upinzani vikawaondoa wagombea wao, akaachiwa mwandishi wa habari za vita, Martin Bell, aliyevaa suti nyeupe kila siku ya kampeni. Bell akashinda kwa zaidi ya kura elfu kumi na moja. Sikuwapo, lakini rafiki zangu wa Leeds walinitumia picha ya gazeti, na nilikaa nayo ndani ya kamusi kwa miaka mingi.

*Shikamoo Mwalimu. Nasoma kidato cha sita, mchepuo wa HGL (historia, jiografia na lugha), na nimepewa kazi kuhusu mifumo ya uchaguzi. Nimesoma kwamba 2024 chama cha Labour kilipata theluthi moja ya kura na karibu theluthi mbili ya viti. Nimerudia hesabu mara tatu. Inawezekanaje? – Mwanafunzi, Tanga Mjini*

Marahaba. Hesabu yako ni sahihi: kura asilimia 33.7, viti 411 kati ya 650. Usinunue kikokotoo kipya.

Chukua mitaa kumi ya Ngamiani, kila mtaa wapiga kura mia. Wanagombea watatu: chama cha Chai, cha Kahawa na cha Togwa. Kila mtaa Chai inapata 34, Kahawa 33, Togwa 33. Sheria inasema aliyeongoza ndiye mshindi, hata kama ni kwa kura moja. Chai imechukua mitaa yote kumi. Watu 660 kati ya 1,000 hawakutaka chai, na watakunywa chai miaka mitano.

Sasa sogeza kura za Togwa. Zipunguze mitaa minane, zirundike mitaa miwili. Togwa yenye kura chache inapata viti viwili. Hicho ndicho walichofanya Liberal Democrats 2024: asilimia 12 ya kura, viti 72, kwa sababu walilima mashamba machache waliyoyajua. Reform UK walipata zaidi yao, asilimia 14, wakaambulia viti vitano, kwa kuwa kura zao zilitawanyika nchi nzima kama sukari kijiko kimoja kwenye pipa la maji. Andika hilo kwenye kazi yako: katika mfumo huu wingi wa kura si kitu mpaka ujue zimelala wapi. Mwaka 1951 Labour ilipata kura nyingi kuliko Conservative nchi nzima, na ikaondoka madarakani.

Mwalimu wako atakuuliza kwa nini hawabadilishi. Walijaribu, kijuujuu. Tarehe 5 Mei 2011 waliitisha kura ya maoni, wananchi waulizwe kama wanataka kuwapanga wagombea kwa namba, wa kwanza, wa pili, wa tatu. Karibu asilimia 68 ya waliojitokeza wakakataa, na zaidi ya nusu ya wapiga kura hawakujitokeza kabisa. Hata mfumo ule haukuwa wa uwiano wa kura. Ulikuwa mapatano ya vyama viwili vilivyotawala pamoja, mmoja akiutaka nusu-nusu na mwingine akiupiga vita. Kubwa zaidi ni kwamba mwenye uwezo wa kubadilisha sheria ni yule ambaye sheria imemweka pale. Mtu aliyeingia kwa theluthi ya kura, atainuka kesho kusema kiti hiki sikistahili? Nipe jina lake nikamsalimie.

Usiandike, hata hivyo, kwamba Uingereza nzima ni mfumo mmoja. Bunge la Scotland tangu 1999 linachanganya viti vya majimbo na viti vya kugawa kwa uwiano, na Ireland ya Kaskazini wanapanga wagombea kwa namba. Kwetu nako, ukitazama vizuri, majimbo tunachagua kwa mtindo wa Westminster, yaani bunge lao la London, lakini viti maalum vya wanawake hugawiwa vyama kwa uwiano wa kura. Mtahini wa HGL hupenda sana mtu akilitaja hilo.

Na ukipewa nafasi, waeleze mageuzi ya 1832, ya kugawa upya viti vya bunge. Kabla ya hapo kilima kitupu cha Old Sarum, mahali pa kondoo, kilikuwa na wabunge wawili, na Manchester yenye viwanda na watu tele haikuwa na hata mmoja. Mwaka 1819 watu kama 60,000 walikusanyika uwanja wa St Peter mjini Manchester kudai wabunge; askari wa farasi wakawaingilia kwa panga, zaidi ya kumi wakafa. Mageuzi hayakuja mwaka huo wala uliofuata. Oktoba 1831 Malodi wakaukataa muswada, Bristol ikaungua, ngome ya Nottingham ikachomwa. Bado. Mei 1832, ilipoonekana Duke wa Wellington anarudishwa kuunda serikali ya kuuzika muswada, yakabandikwa matangazo London: mkitaka kumzuia Duke, kachukueni dhahabu. Watu wakapanga foleni Benki ya England kubadilisha noti zao. Wiki hazikuisha, Duke akanawa mikono, muswada ukapita. Yule dereva wa Makorora asome na hapa.

*Mwalimu, nakusoma kila mwezi na leo umeniudhi kabla sijakusoma, maana nimesikia unajibu barua za kuwasifia Waingereza. Mimi ni mtu wa Pangani, umri wangu ni wa kuona kura tatu. Wao ndio wa kutufundisha uchaguzi? – Mzee, Pangani*

Shikamoo, mzee wangu. Nimepigwa na nimekubali, tena kabla ya kosa.

Vijana hawaijui kura tatu, kwa hiyo niruhusu niwaeleze mbele yako, unisahihishe ukiniona. Uchaguzi wa kwanza wa Baraza la Kutunga Sheria la Tanganyika, Septemba 1958 na Februari 1959, uliendeshwa kwa sheria ya Mwingereza. Mpiga kura alitakiwa awe na mapato ya pauni 150 kwa mwaka, au elimu ya darasa la nane, au cheo kinachotambuliwa. Mkata mkonge kama babu yangu, mwenye kopo zima la stakabadhi za kodi, hakuwa na kura. Na mwenye kura alilazimishwa kuchagua watu watatu, Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja, la sivyo karatasi yake inatupwa. TANU iligawanyika vibaya juu ya kushiriki au kususa. Januari 1958, mkutano wa Tabora, Nyerere akawashawishi waingie. Zuberi Mtemvu akaondoka kuunda chama chake. Wakaingia, wakawaunga mkono wagombea wa rangi zote tatu waliokubaliana nao, wakakomba viti. Mtego ukamnasa aliyeutega.

Kinachoniudhi mimi ni tarehe, mzee wangu. Mwaka 1838 mafundi na wafumaji wa Kiingereza, walioitwa Wachartisti, waliandika madai sita: kila mwanamume apige kura, kura iwe ya siri, mbunge asitakiwe kuwa na mali, alipwe mshahara, majimbo yawe sawa, na bunge lichaguliwe kila mwaka. Walipeleka bungeni hati zenye saini kwa mamilioni, 1839, 1842 na 1848, zikakataliwa zote tatu, na wengi wao wakafungwa. Baadaye matano kati ya sita yakawa sheria, moja moja, taratibu, bila aliyewakataa kuomba radhi. Kwa hiyo 1958 afisa aliyetuwekea sharti la pauni 150 alitoka nchi iliyokwisha kubishana jambo hilo na kulimaliza. Hata mtindo wa mfanyabiashara na msomi wa chuo kikuu kuwa na kura ya ziada waliufuta kwao 1948. Miaka kumi baadaye wakatuletea sisi hesabu za rangi. Walijua. Somo lao walilifungia kabatini kwao wakaja na daftari jingine.

Sijawasifia, mzee wangu. Nawasoma, kama babu alivyozitunza stakabadhi zao.

*Mwalimu, binti yangu anakwenda kusoma Manchester mwezi wa tisa. Nimeambiwa barazani kwamba Mtanzania anaruhusiwa kupiga kura kule. Nikacheka. Ni kweli? – Mama, Raskazone*

Ni kweli, usicheke. Raia wa nchi ya Jumuiya ya Madola anayeishi Uingereza kihalali anaweza kujiandikisha na kuchagua hata mbunge. Ajiandikishe akifika tu. Siku hizi wanadai kitambulisho chenye picha, na pasipoti yake ya Tanzania inakubalika. Vituo hufunguliwa saa moja asubuhi hadi saa nne usiku, karibu kila mara siku ya Alhamisi. Mwambie asishangae akikuta penseli imefungwa kwa uzi mezani. Mimi nilidhani wamenipa kwa makosa, nikaomba kalamu ya wino.

Nilipiga kura yangu tarehe 9 Aprili 1992, kwenye ukumbi wa shule, nikataja jina na anuani tu, hakuna aliyeuliza zaidi. Jina langu lilikuwa daftarini. La jirani yangu, yule dereva wa basi, halikuwamo. Watu wengi waliokwepa kodi ya kichwa walikwepa na daftari la wapiga kura, wasije wakapatikana kwa anuani, na yeye fomu ya mwaka uliotangulia aliitia jikoni pamoja na bahasha za halmashauri. Alinisindikiza hadi getini akaningoja nje, mikono mfukoni, na nilipotoka akaniuliza nimemchagua nani.